Usingizi wa Poshomili

Nikifika nyumbani Kiritiri kutoka baharini huwa nimechoka hoi, na mke wangu anajua. Kwa hivyo huninyamazishia nyumba. Safari hii alihamishia kuku kwa jirani, akafunga mbuzi mbali, akaitoa redio betri, na watoto wakafundishwa kunyata wakipita dirishani. "Baba amelala," walinong'onezana, nami nilikuwa macho makavu nikitazama mabati.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Kazi yangu ni injini za meli. Nalala juu kidogo ya jenereta, na usingizi wangu wote umo ndani ya ule mngurumo. Ukikatika, taa huzimika, meli huachwa kwa mawimbi kama gogo, na fundi anayeendelea kulala hafai kitu. Mwili umejifunza hivyo: kimya ni hatari. Basi hapa nyumbani kila nikisinzia nashtuka, miguu inatafuta viatu. Nachukia jambo hili. Nilijenga nyumba nije kupumzika, likizo inaisha, na nikirudi kazini bila kulala nitaua mtu.

Mchana mmoja nilitumwa kusagisha mtama. Mwenye poshomili akanitania, "Kapteni, kumbe hata wewe hutumwa?" Sijawahi kuwa kapteni, lakini nimechoka kumrekebisha. Akawasha injini ya dizeli. Ukuta ukatetemeka, vumbi la unga likapaa. Nikavua ndala, nikaegemea magunia ya watu, nikingoja zamu yangu. Sikumbuki foleni ikisonga.

Niliamshwa na mkono begani. Mke wangu alikuwa amefuata unga wake, na leso yake kichwani ilishakuwa nyeupe. Ilibidi apige kelele.

"Baba Watoto! Kwani unaweza lala hapa?"

Nikamweleza ukweli wote, nami nikipiga kelele. Alinisikiliza akiitazama mashine, hakunitazama mimi.

"Na vile nimenyamazisha watoto wiki nzima," akasema. "Sasa siku ukiacha hii kazi ya meli, utakuwa unalala wapi?"

Mwenye poshomili akazima injini aende kula. Kukawa kimya kabisa. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta ndala.