Raheli, mpika uji aliyewapokonya watoto vikombe

Kunapambazuka kijijini Mkiwa, Singida, na upepo wa baridi unapuliza vumbi kutoka barabarani. Raheli Gervas ameketi kwenye kigoda, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, mbele yake ungo wa karanga. Anaokota moja, anaigeuza, anaitazama. Iliyosinyaa anaitupa. Yenye doa anaitupa.

Nyuma yake, juu ya mafiga, uji wa uwele unatokota.

Watoto wa darasa la awali wanaanza kufika, sweta zimewazidi mikono. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawa mikono, ukae."

Kabla ya kumpa yeyote, Raheli anajimiminia kikombe chake na kukinywa mbele yao, taratibu. Mama mmoja aliyemleta mtoto wake amesimama, macho yake hayabanduki. Watoto wanasubiri mpaka Raheli amemeza na kuweka kikombe chini. Ndipo upawa unaanza kazi.

Zamani hakuwa na desturi hiyo.

Raheli, mama wa watoto watatu, alianza kupika uji baada ya kuona watoto wakipita mlangoni kwake asubuhi wakiwa hawajatia kitu tumboni, au wamekunywa chai ya rangi tu. "Mtoto wa chai ya rangi, ikifika saa nne amelalia dawati," anasema. "Nikajiuliza, uwele tunalima, karanga tunalima, hawa wanalala na njaa ya nini?"

Unga wake ni wa uwele na karanga zilizosagwa. Maziwa anaongeza siku akiyapata. Kikombe ni shilingi mia tatu, na mama asiye na fedha huleta uwele wakati wa mavuno. Watoto walizoea, mama zao wakamwamini.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka jana.

Karanga zilikuwa za shamba lao wenyewe. Mvua za mwisho zilizikuta zimeshang'olewa, zimetandazwa chini. Mumewe, Laurenti, alizianua, akazianika upya, zikaonekana zimekauka. Raheli akakaanga za kutosha, akapeleka mashineni, akachanganya na uwele.

"Siku hiyo nilichelewa kuamka," anasimulia. "Watoto walishafika, wanatetemeka. Nikawapa wanne wa kwanza. Ndipo nikaonja kwenye upawa."

Uji ulikuwa mchungu. Si wa kuungua, anasema, maana wa kuungua anaujua. Uchungu huu ulimganda kooni hata alipotema.

Raheli aliweka upawa chini. Aliwafuata watoto, akavichukua vikombe mikononi mwao kimoja baada ya kingine. Mmoja alianza kulia. Wa mwisho alikuwa Stanley, mtoto wa jirani yake Jesca. Kikombe chake kilikuwa kitupu, naye alikuwa anakirambaramba.

Sufuria nzima ikamwagwa. Watoto wakaenda shule na njaa.

Laurenti alitoka ndani akakuta uji unasambaa uani. Alipoelezwa, alimwambia mkewe anyamaze. "Sema umeungua. Mtoto yuko mzima, umemwona anakimbia. Ukitamka neno sumu hapa, tumekwisha."

Raheli anakiri kwamba alisimama pale mlangoni na kufikiria. Biashara ilikuwa ndiyo inawalisha. Na kweli Stanley alikuwa ameondoka akikimbia.

"Nilijaribu kuosha sufuria," anasema. "Nikaiacha. Nikajifunga kanga nikaenda."

Jesca alikuwa njiapanda, anapanga vitunguu vyake kwa ajili ya abiria wa mabasi. Raheli alimweleza yote, pale pale, wauzaji wengine wakisikia. Jesca aliacha vitunguu kama vilivyo na kuondoka mbio kuelekea shuleni, Raheli akimfuata nyuma.

Walimkuta Stanley nje ya darasa, ameinama, anatapika.

Jesca alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Raheli alipotaka kumpokea njiani, aliambiwa neno moja tu: "Usimguse."

Muuguzi aliyewapokea, Benson, alimlaza mtoto na kuanza kumnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Nje, watu walishakusanyika. Wazazi wa wale watatu wengine walikuja na watoto wao, ambao hawakuwa na dalili yoyote. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba mpika uji apelekwe polisi. Raheli alikaa chini ukutani, peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye.

"Niliomba Mungu kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kinyaturu," anasema. "Nikaona nimemaliza maneno."

Jioni ilipokaribia, mlango ulifunguliwa. Jesca alitoka, akamtazama, akasema mtoto ameomba ugali. Kisha akarudi ndani na kufunga mlango.

Kama ni karanga zilizomtapisha Stanley, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Zahanati haina kipimo. Lakini Benson aliwaeleza kuwa karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, na kwamba moto wa kukaangia hauiondoi. "Chungu, iliyosinyaa, yenye ukungu, usimpe mtu wala kuku," aliwaambia.

Nyumbani lilikuwa limebaki gunia zima. Wiki ile ile mnunuzi alipita na lori, akaziona karanga, akazitaka. Laurenti aliona hapo ndipo pa kujiokoa. Waligombana mpaka Laurenti akahamia Kinyaturu, lugha anayoitumia akikasirika.

"Nilimwambia, mwenye lori naye anampelekea mtoto wa mtu," anasema Raheli. Mwishowe Laurenti mwenyewe ndiye aliyechukua jembe akachimba shimo. Walizifukia zote.

Msimu ule wote sufuria ilikaa imegeuzwa. Watoto walipita upande wa pili wa njia, wakiwa wameambiwa wasimsogelee mama wa sumu. Raheli alilima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Aliyerudi wa kwanza ni Jesca. Alikuja asubuhi moja bila hodi ndefu, amemshika Stanley mkono, akamkuta Raheli anawapikia wanawe uji.

"Kunywa wewe kwanza, nikuone," alisema.

Raheli akanywa. Jesca akasubiri, kisha akamsukuma mtoto mbele. "Mpe. Ungeninyamazia, nisingejua pa kukimbilia."

Wengine walirudi polepole. Wapo ambao hawajarudi hadi leo, naye hawalaumu.

Sasa anataka kabla ya mavuno yajayo wanawake wa njiapanda wajenge kichanja kimoja kirefu cha kuanikia karanga, zisiguse udongo, na turubai la kufunika mvua ikinyesha. Laurenti ameshakata nguzo za kwanza, na Jesca ameahidi kuwaita wenzake Jumapili baada ya ibada.

"Nataka mama ajue karanga za mwanawe zimekauka wapi na nani amezichambua," anasema Raheli. "Akishajua hivyo, hata mimi nikiumwa, mwingine atapika, na watoto watakunywa."