Beringi Nzima Juu ya Gazeti

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu mpaka saa tatu asubuhi, kisha jua kali, upepo hakuna.

Fundi ninayemwandika hapa tunamwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Nimekuwa mtunza stoo wa gereji yetu kwa miaka kumi na tisa, na sijamwona hata siku moja akikimbilia spana kabla ya kusikiliza. Huingia kwenye gari, hukaa kiti cha abiria, hufumba macho na kumwambia mwenye gari, "Endesha, usiniambie kitu." Wakirudi, hukitaja kifaa kilichochoka bila kusita, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Wenzake humtania kwamba mkewe hana siri, maana bwana huyo husikia hata chumvi ikiyeyuka.

Jambo la pili la gereji yetu ni gazeti. Kifaa kilichotolewa hakitupwi. Huoshwa kwa mafuta ya taa, hulazwa juu ya gazeti mezani, na mwenye gari huitwa akione kwa macho yake kabla ya kupewa ufunguo. Sikio ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, na aliwahi kumfukuza fundi mzuri kwa kuuruka.

Siku hiyo aliuruka yeye.

Saa tano na nusu dada yake mdogo, ambaye ni mshonaji, aliingia uani na gari lao la familia, gari la zamani lililozeeka pamoja nao. Nyuma alikaa mama yao. Saa tisa alasiri mama alitakiwa awe hospitali ya mji wa chini kufanyiwa upasuaji wa jicho, tarehe waliyoingojea kwa miezi saba. Kufika huko lazima uteremke mlima: kilomita kumi na moja, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu.

"Kaka, linanguruma mbele," dada alisema. "Kama jiwe la kusagia."

"Sogea tulisikie."

Wakaenda na kurudi barabara ya mbele iliyonyooka. Mama nilimpa kiti kivulini pamoja na chupa ya maji.

"Ndiye huyo mnayemwita Sikio?" aliniuliza. "Siku hizi nikimwita mpaka nirudie mara mbili."

"Kazi ni nyingi, mama," nilimjibu, tukacheka.

Sikio aliposhuka alisema maneno mawili tu: "Gurudumu la kulia."

Nilimtolea beringi, vile vyuma vya duara vinavyolizungusha gurudumu, za pande zote mbili, kwani za mbele hubadilishwa pamoja. Alinirudishia pakiti moja.

"Kushoto kuko kimya," alisema. "Sina muda wa kumtibu asiyeumwa. Nitalifanya wakirudi."

Alifanya kazi kwa haraka lakini bila papara. Alipandisha upande wa kulia kwa jeki, akaweka stendi, akaling'oa gurudumu, akaondoa breki na kuifunga kwa waya ili isining'inie. Akatoa kifuniko kidogo cha katikati, akanyoosha pini, akafungua nati, na habu, kitovu cha gurudumu, ikatoka na beringi zake mbili, ndogo ya nje na kubwa ya ndani. Zote zilikuwa zimejaa grisi nyeusi. Alizitia kwenye kopo la mafuta ya taa bila kuziangalia. Aliondoa vikombe vya chuma vya zamani kwa nyundo, akagonga vipya mpaka mlio ulipobadilika, akashindilia grisi mpya kwa kiganja, akafunga. Gurudumu alilizungusha kwa mkono, likaenda laini.

"Kaka, muda," dada alisema.

"Nendeni. Na simu usipokee njiani."

"Sijawahi kupokea. Si wewe uliyenifundisha?"

Waliondoka saa sita na dakika ishirini. Gari hakulijaribu barabarani, na gazeti halikutandikwa.

Saa saba kasoro ishirini alikumbuka kopo. Akatandika gazeti, akaosha ile beringi kubwa, akaifuta kwa kitambaa. Mimi nilikuwa naandika vifaa vilivyotoka stoo. Nilinyanyua macho kwa sababu mikono yake ilikuwa imesimama.

Beringi ilikuwa inang'aa. Hakuna kishimo, hakuna alama ya kuungua. Akaizungusha kidoleni, kisha akaosha ile ndogo. Nayo nzima.

"Njoo huku," aliniambia kwa sauti ya chini. "Simama nyuma yangu. Nisugulie vidole karibu na sikio la kulia."

Nikasugua.

"Nasikia. Sasa kushoto."

Nikasugua.

"Mbona hufanyi?"

"Nimefanya mara tatu," nilisema.

Hakugeuka. Aliirudisha beringi juu ya gazeti. Kisha akasema kana kwamba anamsomea mtu mwingine habari, "Kwangu sasa kila sauti inatoka kulia. Beringi mbovu iko kushoto. Na mama yuko ndani ya gari."

Alimpigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshachukua ile pakiti niliyorudishiwa, jeki, nyundo na kopo la grisi. Mchomeleaji wa jirani alitupatia pikipiki yake bila kuuliza, alipoiona sura ya Sikio.

Kutoka gerejini hadi ukingo wa mlima ni karibu saa nzima kwa gari lile la zamani, dakika thelathini na tano kwa pikipiki. Sikio aliendesha, mimi nyuma na mfuko wa vifaa tumboni. Kila tulipoona gari la rangi ile nilinyoosha shingo. Lori moja lilitupigia honi likitokea njia ya kushoto, naye hakushtuka hata kidogo. Nilimshika bega, na tangu hapo nikawa namgonga begani kila kitu kilipotujia upande huo.

Tuliwakuta kwenye kituo cha mwisho cha mafuta, mita mia mbili kabla ya kona ya kwanza. Dada alikuwa amesimama kando ya gari. Mama alikuwa anatoka chooni, akipapasa ukuta.

"Maji yenu ya gereji," mama alisema. "Nimembana huyu asimame, akanuna. Anasema tutachelewa."

Dada alimtazama kaka yake, akanitazama na mimi. "Kaka, mngurumo bado upo. Nikajiambia labda beringi mpya zinazoeana."

Sikio alichukua jeki. Alipiga magoti kushoto. Nilisikia harufu ya grisi iliyoungua kabla hajagusa. Tulipopandisha upande huo, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, nalo likacheza kama jino bovu. Beringi ya nje ilitoka imegeuka buluu kwa joto, rola zake ndogo zimemenyeka.

"Ningefika kona ya ngapi?" dada aliuliza.

"Sijui. Pengine zote. Pengine hata ya pili usingeifika." Akamwinulia uso. "Nilikosea upande, mdogo wangu. Sikio hili la kushoto limekufa, na mimi sikutaka kujua."

Mama ndiye aliyesema, "Tangu mwaka jana unakaa ukinigeuzia upande mmoja. Nilidhani una deni na mimi."

Hakuna aliyecheka sana. Sikio aliinama, akafanya kazi yote upya. Alipitisha pini kwenye nati, akaitoa, akapitisha tena. Alipomaliza ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Kisha alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Alikaa yeye kwenye usukani, akamkalisha dada yake kiti cha abiria.

"Fumba macho," alimwambia. "Sikiliza wewe, mimi usinitegemee."

Wakazunguka uwanja wa kituo, wakakata kulia kwa nguvu, uzito ukalalia kushoto, wakakata kushoto, wakaenda barabarani na kurudi. Dada alisema hasikii kitu ila injini. Sikio akashuka, akaweka kiganja katikati ya kila gurudumu, la kulia na la kushoto. Yote mawili yalikuwa na vuguvugu sawa.

"Nendeni taratibu," alisema. Tulisimama pale mpaka gari likapotea kwenye kona ya kwanza, na hatukuondoka. Saa tisa kasoro dakika tano simu yake ilitetemeka. Aliiweka sikio la kulia, akasikiliza, akakaa chini kwenye ukingo wa saruji.

"Mama ameshaitwa ndani," aliniambia.

Asubuhi ya Jumatano nilipofungua stoo nilimkuta ameshafika. Alikuwa ametandika gazeti kwenye meza ya kati, pale ambapo kila mtu hupita, na juu yake ameweka beringi mbili zinazong'aa. Mafundi walipoingia mmoja mmoja, aliwaita waje wasimame kuliani kwake, akawaambia, "Hizi ni nzima. Nimezitoa mimi." Alisubiri mpaka wa mwisho akaziona, ndipo akaniomba kalamu na karatasi, aandike anwani ya daktari wa masikio.