Plagi ya Baba

Leo asubuhi nimesikia harufu ya petroli kwenye baridi ya Kitale, nikakumbuka jikoni kwetu Kabuchai. Pikipiki kuukuu ya baba haikuwaka kwenye baridi mpaka afungue plagi ya injini, mama aipashe moto kando ya sufuria ya chai.

Siku moja mama aliamka na homa kali. Baba alitaka kumkimbiza hospitalini Lugulu, lakini kuni zilikuwa zimenyeshewa na moto ukakataa. Akapiga kiki hadi jasho likamtoka.

“Baba watoto, leta hiyo plagi,” mama akasema. “Si leo jiko ni mimi?”

Akaifumbata viganjani, akajifunika leso. Baba alipoirudisha, pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili.

Yangu huwaka kwa kubonyeza tu. Plagi ile ninayo, na asubuhi zingine huifumbata mpaka ipate joto.