Hodi Kwenye Nyumba ya Zen

Binti yangu alipoingia dini ya kukaa kimya, mimi nilipiga kelele. Nilimwambia anaabudu masanamu. Akakata simu, na miezi minne hakukanyaga kwangu Weston, huku ughaibuni. Niliumia sana, ila kwenye kuomba radhi mimi ni mzito.

Basi nikaazima maktaba kitabu cha kuwafundisha Wazungu mambo ya Wahindu, Wabuddha na hiyo Zen ya binti yangu. Nilikisoma kwenye basi nikienda kazini. Jamani, kile kitabu. Kurasa tatu nzima kueleza sikukuu ya Diwali, wakati mimi Tanga nimekua mlango kwa mlango na Wahindu, jalebi zao nimezila kabla sijajua kusoma. Buddha nilimwelewa: mtoto wa mfalme, kazaliwa huko jirani na India, kaacha jumba, mke na kichanga, kwenda kutafuta kwa nini watu wanateseka. Waliobaki nyumbani walilia vipi, kitabu hakikusema, na hilo liliniudhi mpaka nikapitiliza kituo. Zen ndiyo iliyonishinda. Unakaa, unatazama ukuta, basi. Ukidhani umeelewa, wanakwambia bado.

Nikamtumia binti yangu ujumbe: Jumamosi nakuja kwenye kikao chenu. Akajibu, "Okay." Hiyo tu.

Siku yenyewe basi likachelewa. Nikafika, nikavua viatu kibarazani kama wengine. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, watu kama ishirini wamekaa juu ya mito, wamenipa mgongo, wanatazama ukuta. Najua kitabu kilisema kimya. Lakini mtu mzima na akili zake anaingiaje nyumba ya watu bila kubisha?

"Hodi," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Mgongo wa binti yangu niliuona, pale karibu na dirisha, na sweta la kijani nililomfumia mwenyewe.

"Hodi jamani."

Hata shingo moja haikugeuka. Nikabisha mara ya tatu, sauti ikanitoka ndogo. Kwetu ya tatu isipojibiwa, unarudi ulikotoka. Nikainama kutafuta viatu vyangu, na machozi yalikuwa karibu, sifichi. Nilijua nikishuka zile ngazi sitapiga simu tena, na yeye hatapiga.

"Karibu, mama."

Alisema kwa sauti kamili, katikati ya ukimya wa watu wote wale. Kisha akausogeza mto wake, nikapata pa kukaa.