Shikamoo za Njia ya Miyuji

Cornel alipomaliza kuezeka nyumba yake Miyuji, aliwaringia sana makarani wenzake waliobaki kupanga mjini. Hewa safi, uwanja mpana, kelele hakuna! Alichosahau kuwaambia ni kwamba kati ya kitanda chake na meza yake ya ofisini palikuwa na wazee wengi mno.

Maana huko watu wana adabu zao. Ukimkuta mzee njiani, unashuka kwenye baiskeli, unatoa shikamoo, kisha mnaulizana habari za mama, za watoto, za mifugo. Cornel, mtu wa Bukoba, hakufuga hata mbuzi mmoja, lakini mbuzi wake walijuliwa hali kila asubuhi. Na wazee wa Miyuji, Mungu awape umri, huamka mapema kweli kweli.

Mwaka huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mkuu wake akamwonya: ukichelewa tena, jina lako litatangulia kwenye orodha. Cornel aliogopa, tusimcheke. Nyumba haikuwa hata na sakafu. Basi akaanza kupita njia ya nyuma, katikati ya mashamba ya zabibu, kichwa ameinamisha kama mwizi wa kuku. Ofisini akawa anafika wa kwanza. Akajiona mjanja.

Jumamosi jioni, jirani zake Mzee Kefa na Bibi Lea wakapiga hodi, mikononi wana jogoo na unga wa uwele.

"Pole, baba," alisema Bibi Lea. "Tumeona unavyojificha. Kuachishwa kazi si kufa. Kuna kipande cha shamba pale bondeni, utalima mpaka mambo yakae sawa."

Cornel angenyamaza ale jogoo wa watu, lakini mkewe, Paskazia, si mtu wa kufunika kombe.

"Aachishwe wapi, bibi? Anakimbia shikamoo zenu asichelewe."

Cornel alitamani ardhi ipasuke. Mzee Kefa akatikisa kichwa tu. "Ungesema, mwanangu," akasema, wakaondoka wakamwacha jogoo palepale.

Jumatatu Cornel akarudi barabarani, tayari kushuka. Wazee walikuwa wamekaa mahali pao, kando ya ukuta wa duka. Walipoona baiskeli inakuja, wote wakageuka wakatazama ukuta, ili apite bila kudaiwa salamu. Njia nyeupe! Angeweza kupita. Lakini ile migongo ilimuuma kuliko onyo la mkuu wake. Akashuka, akaegemeza baiskeli, akajipenyeza mpaka akasimama kati yao na ukuta.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," akajibu Mzee Kefa, akimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Haya, panda uwahi. Sisi hatuachishwi, jioni utatukuta."