Siku Mume Wangu Alipopigwa Faya

Neno la Kiingereza faya nililikuta kwanza ubaoni, katika shule ya misheni karibu na Shinyanga. Mwalimu alichora mafiga matatu na ndimi za moto katikati, akaandika neno chini yake. Tuliitikia darasa zima: faya, moto. Nikadhani nimelimaliza neno hilo.

Vita vilipokwisha, kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Bama, alikopigana na Wajapani. Asubuhi moja nilikuwa napika, nikataka kumwonyesha kwamba nami nimesoma. Nikamwita kwa sauti kubwa, "Kaka, lete faya!" Alijitupa chini kifudifudi kando ya chungu. Alipoinuka, midomo yake ilikuwa imejaa vumbi.

"Usiniambie hivyo tena," alisema kwa sauti ndogo. "Ofisa akilitamka hilo, watu wa upande wa pili wanaanguka. Na wa upande wetu pia."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba faya ni kupiga risasi. Tangu siku hiyo sikulitamka nyumbani.

Nilipoolewa tulihamia Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Mume wangu alitoboa mwamba kwa mashine chini ya ardhi, nami nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi nyumbani kwa msimamizi wake, Mzungu mmoja asiye na maneno mengi. Huko neno lile lilikuwa na kazi nyingine tena. Kabla ya baruti kulipuliwa, watu walipaza sauti: "Faya! Faya!" Kisha ardhi ikatikisika, vikombe vya memsahibu, mke wa msimamizi, vikagongana kabatini. Wenzangu waliendelea na kazi zao. Mimi sikuzoea. Kila mara niliacha nilichokishika, nikakaa nikisikiliza kama kuna kilio kinachokuja kutoka upande wa mgodi.

Siku ninayoisimulia, yule bwana Mzungu alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa chumba cha nyuma napiga pasi mashuka. Kupitia mlangoni nilimwona akiegemeza ukutani bunduki yake ya kuwindia kanga. Akaketi. Memsahibu akammiminia chai, lakini bwana alipoinua kikombe chai ikamwagikia kitambaa cha meza.

Wakaanza kuzungumza. Kiingereza chao kilikwenda mbio, nami nilidaka neno moja moja. Nikadaka "mrefu". Nikadaka "sikio". Mume wangu alikuwa mrefu kuliko wote katika kundi lake, na sikio lake la kushoto lilichanwa na pembe la ng'ombe akiwa mdogo. Kisha bwana akasema polepole, kama mtu anayeungama, kwamba amemfaya. Memsahibu akaziba mdomo kwa kiganja.

Niliitazama ile bunduki. Nikatoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga mtu, nikaanza kukimbia kuelekea mgodini.

Nilikuwa nusu ya njia niliposikia zile sauti kutoka mgodini, "Faya! Faya!" na ardhi ikanguruma chini ya nyayo zangu. Nikajikuta nimelala barabarani, uso kwenye changarawe, namwita mama yangu kwa Kisukuma. Nilidhani wanawamaliza na wengine.

Getini alikuwapo askari mzee.

"Shikamoo, baba. Mume wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Mume wako ni yupi?"

"Yule mrefu, wa sikio."

Akatazama chini. "Pole, binti. Huyo amepigwa faya sasa hivi."

"Mwili wake mmeuweka wapi?"

"Mwili gani?" Alinishangaa. "Kwani amekufa? Amefukuzwa kazi! Bwana akikupiga faya unafungasha vitu vyako unakwenda kwenu. Amepita hapa kwa miguu yake."

Sikumwamini. Kwetu mtu hapewi habari za msiba ghafla. Huanza kuambiwa uongo mdogo ili afike nyumbani. Nikakimbia tena hadi kwenye nyumba za laini tulikokaa wafanyakazi.

Alikuwa ameketi kitandani anakunja blanketi. Nilimpapasa kifua, nikamgeuza, nikampapasa mgongo.

"Unatafuta nini?"

"Tundu," nikasema, nikaangua kilio.

Niliponyamaza alinieleza. Jana yake kulikuwa na baruti ndani ya mwamba ambayo haikulipuka. "Au nadhani haikulipuka; nilihesabu milipuko, mmoja sikuusikia," alisema. "Masikio yangu siku hizi si mazuri. Lakini bwana aliniambia nitoboe palepale, na mashine ikiigusa baruti inalipuka. Miguu ikakataa. Nikamwambia naogopa. Akasema anayeogopa aende kwao."

"Na mashine kapewa nani?"

Alimtaja rafiki yake, Msumbwa mmoja aliyekula nasi karibu kila jioni. Alikuwa aanze kutoboa baada ya chakula.

Tukatazamana. Hofu iliyokuwa imenitoka ikarudi yote. Tulikwenda getini pamoja, mume wangu akamsihi askari apeleke habari chini.

"Nami nikipigwa faya?" askari alijibu. "Nina watoto."

Basi tukakaa chini kando ya uzio. Kila gari la mawe lilipogonga reli, mume wangu aliushika mkono wangu hadi ukaniuma. Mimi nilimfikiria mke wa yule Msumbwa, aliyekuwa kwao akingoja kujifungua, nikawaza nani kati yetu atampelekea habari, na ataanza na uongo gani.

Jua lilipokaribia kuzama watu wakaanza kutoka. Rafiki yetu alikuwa wa mwisho mwisho, mweupe kwa vumbi, anatembea.

"Mashine sikuigusa," alisema. "Bwana alirudi baada ya chakula, akasimama mbele ya ule mwamba muda mrefu anautazama. Kisha akatutoa sote, akaamuru pazibwe kwa mbao."

"Basi atanirudisha?" mume wangu aliuliza.

"Nilimuuliza. Akaanza kuhesabu mbao."

Nikaikumbuka chai iliyomwagika. Kumbe bwana naye alikuwa akiogopa. Lakini kulijua hilo hakukunipa moyo wa kurudi kwake; nguo yangu ya kazi nilimpa jirani airudishe.

Mume wangu hakuitwa tena. Tuliondoka kwa lori lililobeba marobota ya pamba, tukarudi Shinyanga kulima. Mwaka uliofuata baba mkwe alitaka kuchimbiwa kisima. Mume wangu alikubali kushika kamba. Kushuka alikataa, mbele ya ndugu zake wote, wala hakuona haya. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika shati lake, ingawa alikuwa mbali na ukingo.