Sato wa Mama Pelagia

Watu wa Buhare walianza kumcheka shangazi yangu Esta siku alipovua samaki akawarudisha majini. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba. Alilichimba na mumewe, Bernado, wakati viwanda vya minofu vilipoanza kununua sangara wote wa ziwa letu, na sisi wa Musoma tukabaki kugombania mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia. Sato aliowafuga humo walizaana ovyo, wakadumaa, wakawa miiba mitupu. Bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, alipopita alimwambia ale wadogo, wenye miili awaache wazae.

Mtu mwingine angeitikia kwa adabu na kuendelea na mambo yake. Esta alikuwa na kichwa kigumu. Kila alipokokota wavu alichambua: mwenye mgongo mpana majini, mwembamba chunguni.

"Mama Pelagia, leo tena unatupaga mboga?" jirani yetu Tereza alimtania.

"Situpi. Hiyo ni ya kesho."

Kesho yenyewe ilikuwa ya Pelagia, mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya kusemwa sana na mawifi. Wale wembamba aliwatoa miiba kwa vidole, akimsogezea mtoto minofu kwenye ukingo wa sahani, yeye akimalizia vichwa.

Na samaki walibadilika kweli. Kila kizazi kilikuja kipana kuliko kilichopita, na hata mchuzi wa wadogo ukaanza kuelea mafuta.

Kisha ikaja surua. Vipele vya Pelagia vilikauka, lakini mwili ukagoma kurudi. Miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu. Nesi alisema mtoto ale samaki mwenye nyama, mayai na maziwa. Mayai na maziwa tungeyatoa wapi?

"Mtoe yule jike mkubwa," Bernado alisema.

Esta hakubisha. Aliingia majini na nguo zake, mimi nikashika upande wa pili wa wavu. Tulimpata, mnene wa kujaza mikono miwili. Alipombana, kinywa kikafunguka na vifaranga vikamwagika kiganjani mwake. Sato hubeba watoto mdomoni, na akiwabeba hali kitu. Tuliwarudisha majini, tukakokota tena, tukapata jike mwingine. Naye alikuwa amebeba.

Esta alisimama pale maji yakiwa kiunoni, akamwangalia yule samaki muda mrefu.

"Akishawatema nitamchukua," alisema, akamwachia.

Pelagia alikunywa mchuzi wa wadogo. Alikufa kabla yule sato hajawatema watoto wake.

Nimemkasirikia shangazi yangu kwa jambo hilo, nimewakasirikia na wale waliokula sangara wetu huko mbali, na hasira yote hiyo haijanisaidia kitu.

Msibani watu walikuwa wengi na mboga hakuna. Bernado alikokota wavu peke yake, asichambue. Wageni wa Mwisenge walikula wakasifu. Mmoja wao, Mzee Makongoro, alisema hajawahi kuona sato wa bwawani mwenye minofu na mafuta namna ile, akauliza mbegu ilitoka wapi.

Esta aliletewa sahani yake. Akaanza kutoa miiba taratibu, akisogeza minofu kwenye ukingo, mpaka ikawa kichuguu.

"Kula, Mama Pelagia," Tereza alimbembeleza. "Kinapoa."

"Ngoja," Esta alisema. "Hiki cha mkiani bado kina miiba. Kitamkaba."